Mkumbushaji wa Safu ya Tatu

Mimi ni msusi, na msusi hajui kunyamaza. Mtu akikaa kwenye kiti changu saa nne nzima lazima tuongee, la sivyo wote wawili tutasinzia na nywele zitakwenda kombo. Kwa hiyo habari za baba yangu mtaa mzima unazijua nusu. Nusu iliyobaki nimekaa nayo kifuani, na imenichosha.

Baba alikuwa mkumbushaji katika jumba la maigizo. Wengi hawajui kama hiyo ni kazi. Ukienda kutazama mchezo unawaona wanaocheza, unapiga makofi, unarudi zako nyumbani. Humwoni mzee aliyekaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la pembeni, kitabu cha mchezo magotini, tochi ndogo mkononi, anafuata kila neno kwa kidole. Mwigizaji akisahau, yeye ndiye anayempa maneno mawili ya mwanzo. Mawili tu. Na hampi papo hapo. Anahesabu kwanza moyoni, moja, mbili, tatu, maana huenda mtu hajasahau, amenyamaza makusudi. Ikifika tatu, anatoa. Kazi hiyo Baba aliifanya miaka thelathini na mmoja, na jina lake halikuandikwa kwenye tangazo hata siku moja.

Mtaani walimwita Mnong'ono. Sauti yake iliizoea kazi mpaka ikagoma kurudi. Hata kutufokea alitufokea kwa kunong'ona, na wallahi heri ningechapwa. Mama alikuwa fundi cherehani, mwenye sauti ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya barabara, na kila siku alimwambia, "Baba watoto, sema usikike, hapa hatuna pazia." Baba anacheka kimyakimya, mabega yanatikisika.

Tulizaliwa wawili. Mimi nilipopelekwa jumbani nililala juu ya makoti ya watu tangu pazia linafunguliwa. Dada yangu alikaa chini, miguuni pa Baba, macho makavu, mpaka mwisho. Alipofika miaka kumi alikuwa anajua michezo minne kwa moyo. Baba alimpenda, asikudanganye mtu. Mimi alinipenda pia, lakini Dada alikuwa mboni ya jicho. Siku Dada alipopata nafasi yake ya kwanza ya kuongea jukwaani, maneno sita tu, Baba alirudi nyumbani akashindwa kula.

Sasa sikiliza kilichotuvunja.

Watu wa jumba lile walikuwa na mwiko wao: mwigizaji hapewi habari mbaya kabla pazia la mwisho halijafungwa. Jumba linaungua, mtoto anaumwa, mume amekimbia na jirani, utaambiwa ukishamaliza. Waliuheshimu kama dini, na wenyewe waliopatwa walishukuru baadaye. Mzee mmoja mchekeshaji alifiwa na kaka yake asubuhi, akachekesha watu jioni, akaambiwa saa tatu, akamkumbatia Baba na kumwambia asante. Kisa hicho Baba alikisimulia kama mtu anayesimulia cheti chake cha shule.

Miaka minne iliyopita Mama alianguka karibu na cherehani yake, akafa kabla hatujampata daktari. Dada alikuwa mbali, na kundi lake, ndiyo kwanza ameanza mzunguko wa siku kumi na moja, mji baada ya mji. Ilikuwa mara yake ya kwanza kubeba mchezo mzima mabegani. Baba akatukusanya jamaa tuliokuwapo chumbani, machozi yanamtiririka, akanong'ona, "Asiambiwe mpaka amalize."

Tukamzika Mama siku ya pili. Dada hakujua. Siku ya tatu akapiga simu, anamtaka Mama, anataka kumweleza jinsi watu walivyosimama kumpigia makofi. Baba akapokea. Nilikuwa pale, nimesimama naye bega kwa bega. Akamwambia, "Mama yako ametoka kidogo, mwanangu. Atakupigia."

Na mimi nikanyamaza. Mimi, ninayeitwa Pilipili kwa ulimi huu, nikanyamaza.

Siku ya kumi na moja Baba akapanda basi, akasubiri pazia lifungwe, akaenda nyuma ya jukwaa kumwambia. Alichoambiwa yeye huko sikukisikia. Ninachojua ni kwamba alirudi peke yake, na tangu siku ile Dada hakumsemesha tena. Simu yake hapokei, barua hajibu. Kwangu alikuwa anapiga mara mojamoja, salamu za mkato, mtoto hajambo, mvua zimenyesha, kwaheri. Mimi alinisamehe, alisema nilikuwa namwogopa Baba. Lakini ukitaja jina la Baba, anakata.

Basi mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, redio ikatangaza tamasha la maigizo katika mji mmoja mdogo, mwendo wa saa saba kwa gari. Wiki nzima ya michezo. Na mmoja wa michezo ni ule wa mjane anayedai shamba lake, mchezo wa zamani ambao Baba aliushikia kitabu zaidi ya mara mia, na mjane ni Dada. Baba akazima redio. Macho yake siku hizi yana ukungu, kusoma hawezi tena. Akanitafuta kwa mkono, akanishika kiwiko.

"Nipeleke," akasema. "Nataka nimwombe radhi kwa mdomo wangu, ana kwa ana. Akikataa, akatae ananitazama."

Ningesema nini? Nikafunga kibanda changu siku tatu, nikaazima gari la mume wangu, ambalo kulisifia ni dhambi. Tukaondoka alfajiri: mimi kwenye usukani, Baba pembeni yangu kavaa koti lake la harusi, na Shangazi nyuma na mito mitatu, maana mgongo wake, anasema, hauna mkataba na barabara mbovu.

Shangazi ni dada yake Baba, mkubwa wake kwa miaka miwili, na ndiye mtu pekee duniani anayemtania. Hatujamaliza hata mji akaanza. "Kaka, hilo koti umelivaa au limekuvaa?"

"Nyamaza wewe."

"Naliona linakuteremkia kama pazia. Utamwombaje mtu radhi, haoni mikono yako?"

Baba akacheka. Mimi nilifurahi kumsikia anacheka. Upepo ulikuwa wa moto, dirisha la Shangazi halifungi, kitambaa chake kikaruka mara mbili barabarani na mara mbili nikarudi kinyumenyume kukiokota. Kwenye mlima wa kwanza gari likachemka. Tukakaa kandoni, boneti juu, tunakula mayai ya kuchemsha na mkate, tunasubiri injini ipoe hasira. Hapo ndipo nilipotoa simu.

"Nampigia Dada," nikasema. "Namwambia tuko njiani. Tutakutana naye kabla ya mchezo, tumalize."

Baba akaacha kutafuna. "Hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Ana mchezo leo. Mwigizaji hashtuliwi kabla ya pazia. Nitamwona akimaliza."

Nasema kweli, nilitamani kulipiga yai lile chini. "Baba! Mwiko huohuo ndio uliotuvunjia nyumba. Miaka minne unaugulia, na bado umeukumbatia? Hujakoma?"

"Pilipili," Shangazi akaniita kwa sauti ya kunionya.

"Niache, Shangazi. Mtu hujikwaa akatazama chini. Huyu anajikwaa palepale na kulisifu jiwe."

Baba akapangusa vidole kwenye leso, kimoja kimoja. Akanong'ona, "Nikimshtua, atavuruga kazi. Akivuruga kazi mbele za watu, atanichukia mara mbili. Niachie nimfanyie hili moja vizuri."

Nikarudisha simu kwenye pochi, na mpaka leo najiuliza kwa nini niliirudisha.

Tukafika saa tisa. Mji wenyewe mdogo, barabara moja, lakini siku hiyo umejaa watu mpaka kwenye paa. Vitambaa vya rangi vimefungwa nguzo hadi nguzo, vijana wenye nyuso zilizopakwa unga wanatembea juu ya miti mirefu iliyofungwa miguuni, vipaza sauti vinagombana. Mchezo wa Dada ulikuwa saa kumi, katika ukumbi uliokuwa zamani ghala la nafaka, dari juu sana, madirisha yamezibwa kwa nguo nyeusi. Nikatafuta pa kuegesha gari, Shangazi akaenda kukata tiketi. Baba alikuwa amemwagiza zaidi ya mara moja: nyuma kabisa, ukutani, ambapo mwigizaji haoni mtu. Shangazi akarudi anatabasamu, tiketi mkononi kama karata za ushindi.

"Safu ya tatu!" akasema. "Katikati! Yule binti alitaka kunitupa huko nyuma, nikamwambia mimi ni shangazi yake huyo mjane wa mchezo."

Baba akashika kichwa. "Dada yangu, safu ya tatu anatuona."

"Si ndiyo vizuri? Mimi miwani yangu nimeisahau nyumbani, huko ukutani nitamwonaje mtoto?"

Nikaenda dirisha la tiketi kubadilisha. Nyuma kumejaa, hakuna kiti. Tukakaa hapohapo, Baba kajikunja nyuma ya mama mmoja mnene mwenye kilemba kikubwa, na nikamsikia akimshukuru Mungu kwa kile kilemba.

Pazia likafunguliwa, Dada akaingia.

Nilikuwa sijamwona miaka minne. Amekonda. Ameanza kuota mvi mbele, na zile si za unga wala rangi, mimi nywele nazijua. Alitembea pole, jembe begani, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mama. Si kuigiza. Ni ile sauti ya ng'ambo ya barabara, ilikuwa ndani yake siku zote, sijui ilijificha wapi. Shangazi akanikamata mkono akanifinya mpaka nikaumia.

Nikamtazama Baba. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Haoni vizuri, kitabu hana, lakini kila neno la Dada linapita midomoni mwake bila sauti, na kidole chake kinatembea gotini kana kwamba ukurasa upo. Nafsi yangu ikalainika. Nikasema moyoni, mzee huyu akiambiwa "nimekusamehe" leo, atakufa hata kesho na hatadai kitu.

Tukafika sehemu ya pili, pale mjane anaposimama mbele ya baraza la wazee kudai shamba. Dada akaja mpaka ukingo wa jukwaa. Mama mwenye kilemba akainama kuokota kitu chini.

Dada akamwona Baba.

Nilijua hapohapo, maana jicho lake lilikuwa linapita juu ya watu kama inavyotakiwa, likasimama. Mdomo uko wazi. Maneno hayatoki. Wenzake wa baraza wakatazamana. Ukumbi mzima ukanyamaza, mtoto mmoja akakohoa. Nikasikia Baba anavuta pumzi pembeni yangu, nikajua anahesabu, nikataka kumziba mdomo kwa kiganja, wallahi nilinyanyua mkono.

"Nilipanda mimi," Baba akanong'ona.

Mnong'ono wake huo una miaka thelathini na mmoja ya mazoezi. Haupigi kelele, lakini unafika. Ulivuka safu mbili, ukapanda jukwaani. Dada akatikisika kidogo kama mtu aliyeguswa bega.

"Nilipanda mimi, nikapalilia mimi," akasema, "na aliyelala chini ya udongo huu ni wangu mimi," na akaendelea, na hakusita tena mpaka pazia lilipofungwa. Watu walisimama. Walipiga makofi mpaka mavumbi ya nafaka ya miaka hiyo yakaanguka darini. Wao walidhani ule ukimya ndio mchezo.

Baba alikuwa analia na kucheka. "Amelipokea neno," anasema, ananivuta mkono. "Umeona? Nimempa, amelipokea! Asingekuwa ananitaka asingelipokea." Shangazi naye analia, anaitikia, "Amelipokea, kaka, nimeona mwenyewe bila miwani." Nikawapeleka wote wawili kwenye mlango wa waigizaji, nyuma ya ghala. Shangazi akamrekebisha kola, akamfuta mashavu kwa kitambaa chake. Baba akasimama wima, mikono kaificha nyuma, akawa anajaribu maneno yake ya radhi chini kwa chini. Mimi nikaingia ndani kumwita Dada.

Nilimkuta peke yake mbele ya kioo, anajifuta rangi kwa pamba. Hakugeuka. Alinitazama kwenye kioo.

"Mdogo wangu," akasema.

"Dada." Nikamkumbatia kwa nyuma, na yeye akaushika mkono wangu akaubusu. Kisha nikamwambia, "Yuko mlangoni. Anataka kukuomba radhi tu. Dakika tano, Dada. Kazeeka. Haoni."

"Najua. Nimemwona."

"Basi njoo. Amekusaidia leo, umeona mwenyewe."

Hapo ndipo alipogeuka. Nusu ya uso bado ni mjane, nusu ni dada yangu. Sikuwahi kumwogopa maishani, nikamwogopa.

"Leo nimekosa neno, hakuvumilia hata sekunde tatu," akasema. "Mbele ya watu mia tatu, hakuvumilia, akanipa. Mama alipokufa nilihitaji neno moja. Akaninyima siku kumi na moja. Nilimpigia simu nikamuuliza, akaninyima."

"Alidhani anakulinda."

"Aliulinda mchezo." Akaokota pamba nyingine. "Nilipomwona pale chini, unajua nilifikiri nini? Nilifikiri labda nitashuka. Mdomo ulikuwa wazi, nilitaka kusema 'Baba'. Nilikuwa nakaribia. Angeniacha kidogo tu ningeshuka, Pilipili, mchezo ufe. Yeye akanirudisha kazini."

Akasimama, akavaa viatu, akachukua mkoba wake.

"Sina nguvu ya kumwona leo," akasema. "Labda siku nyingine, sijui. Mwambie asinisubiri." Akatokea mlango wa mbele, kati ya watazamaji, uso haujaisha rangi, na nikamsikia mtu huko nje anampongeza.

Nikatoka kwa mlango wa waigizaji. Nje Baba alisikia hatua zangu akanyoosha mikono yote miwili, akidhani tuko wawili.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka, Baba. Amechoka sana. Amesema siku nyingine."

Mikono ikashuka polepole. "Hayo siyo aliyosema."

"Ndiyo hayo."

"Mwanangu," akaninong'oneza, "mimi mtu akitunga maneno yake namjua kabla hajamaliza. Usinipe maana. Nipe maneno yenyewe."

Shangazi akanifanyia ishara kwa kichwa, usiseme. Nilimwona. Lakini nilishanyamaza mara moja katika nyumba hii, na nilijionea kilichotokea. Nikajikaza kisabuni, nikampa. Nikampa yote, neno kwa neno, sekunde tatu, siku kumi na moja, simu, na mwishoni lile la "Baba", kwamba alitaka kushuka na mdomo ulikuwa wazi. Nilipofika hapo sauti ikanikatika, na yeye akangoja bila kunisaidia mpaka nikamaliza.

Hakulia. Alisimama tu, koti limemteremka bega moja. Watu walikuwa wanapita na viti, wanapanga mchezo unaofuata. Kisha akasema, "Niliona amesahau."

"Najua, Baba."

"Nilihesabu vizuri. Ilifika tatu."

"Najua."

Asubuhi tulianza safari ya kurudi. Gari halikuchemka, barabara ilikuwa tupu. Shangazi hakutania mtu. Baba alikaa pembeni yangu, uso dirishani, na baada ya muda nikasikia mnong'ono. Nilidhani anasali. Nikapunguza mwendo nisikie. Ni maneno ya Dada. Anayasema tangu mwanzo, leo nimekosa neno, hakuvumilia, mpaka anafika kwenye "mdomo ulikuwa wazi, nilitaka kusema Baba". Hapo anasimama, ananyamaza kitambo kirefu, kirefu kupita tatu, kupita kumi, halafu anarudi mwanzo.

Saa ya pili Shangazi akashindwa. Akamshika bega kutoka nyuma, analia. "Kaka, basi. Inatosha, utajiua."

"Bado," Baba akasema. "Sijayashika vizuri."

Akaanza tena, na mimi nikaendelea kuendesha.